Bawabu na Mwenye Nyumba: Lugha ya Kueleza Hitilafu za Programu Iliyo Nyuma ya Seva Nyingine

1. Utangulizi

Katika mtaa wa Majengo, Kisiwani Mombasa, kama ilivyo katika mitaa mingi ya miji ya Kenya, ziko saiba, yaani maduka yenye kompyuta za kutumiwa kwa malipo. Humo wakazi hupata huduma ambazo zamani zilipatikana dirishani mwa ofisi: kulipa kodi, kuomba cheti cha kuzaliwa, kumwombea mtoto nafasi ya chuo. Hutokea mara kwa mara kazi hiyo ikakatizwa na ukurasa mweupe wenye tarakimu tatu na maneno mawili matatu ya Kiingereza. Mhudumu huutazama, kisha akamwambia mteja, "Mtandao hauko, mama. Rudi kesho." Kauli hiyo ni ya adabu na husemwa kwa nia njema, lakini mara nyingi si ya kweli. Mtandao ungalikuwa hauko, ukurasa huo wenyewe usingalifika. Kiko chombo kilichojibu. Swali ni chombo gani, nacho kilijibu kwa niaba ya nani.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yanaeleza jinsi programu za tovuti zinavyofanya kazi zikiwa nyuma ya seva nyingine inayopokea maombi kwa niaba yake, na jinsi hitilafu zake zinavyotafutwa. Pili, yanachunguza lugha inayotumiwa kutangaza hitilafu hizo. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili, kwa vinyambuo vyake vya kitenzi na kwa viambishi vyake vya njeo, kina uwezo wa kutaja mahali pa hitilafu kwa usahihi kuliko maneno ya Kiingereza yanayotafsiriwa. Uwezo huo hupotea pale mfasiri anapotafsiri neno badala ya kutafsiri tukio. Hasara yake si ya wanaisimu peke yao, kwa kuwa mtu aliyeambiwa isivyo huenda akalipa mara mbili, au akapitiwa na siku ya mwisho ya kupeleka maombi yake.

2. Nyumba yenye mlango mmoja

Nyumba ya kawaida ya Majengo ilijengwa kwa mpango unaojulikana pwani nzima. Mbele pana baraza na mlango mmoja wa kuelekea njiani. Ndani mna ukumbi mrefu ulionyooka, wenye vyumba huku na huku. Nyuma pana uani, penye jiko na bafu, na aghalabu mlango mdogo wa kutokea. Nyumba nyingi za namna hiyo zimekwisha kupisha maghorofa, lakini mpango wenyewe haujasahauliwa. Chumba kimoja huweza kukaliwa na mwenye nyumba, na vingine na wapangaji wasiohusiana kwa ukoo wala kwa kazi. Mgeni anayetoka njiani hakijui chumba. Anaujua mlango wa mbele na jina la amtakaye. Hupiga hodi, akataja jina, na aliye karibu na mlango ndiye ampelekaye au amletiaye jibu.

Mpango wa tovuti nyingi za leo ni huohuo. Kompyuta moja huwa na programu kadhaa: moja ya malipo, nyingine ya usajili, nyingine ya barua. Kila moja husikiliza kwenye namba yake ya ndani, mathalan 3000 au 8080, ambayo mtu wa nje hana haja ya kuijua. Mbele yake huwekwa seva moja inayosikiliza kwenye namba 80 na 443, ambazo vivinjari vyote huzijua. Seva hiyo ya mbele hupokea ombi, ikasoma jina la tovuti lililotajwa, ikaipelekea programu inayohusika, ikangoja jibu, kisha ikamrudishia aliyeomba. Aliyeomba hudhani amesema na programu, kumbe amesema na mlango.

Programu mojawapo inayotumiwa sana kwa kazi hiyo ni nginx, iliyoandikwa na Mrusi Igor Sysoev na kutolewa kwa watu wote mwaka 2004. Yapo pia makampuni yaliyoifanya kazi ya mlango kuwa biashara, yakaweka seva za mbele katika miji mingi ya dunia ili mlango uwe karibu na mgeni hata kama nyumba iko mbali. Mombasa ilifaa kwa jambo hilo kwa kuwa nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika huko mwaka 2009. Kampuni ya Marekani iitwayo Cloudflare ilifungua kituo chake cha 43 mjini Mombasa mwaka 2015, kikiwa cha pili barani Afrika baada ya kile cha Johannesburg. Kwa hiyo mkazi wa Majengo anayefungua tovuti iliyohifadhiwa Ulaya huweza kujibiwa na mlango ulio mjini mwake mwenyewe. Ukurasa wa hitilafu anaouona huenda umeandikwa umbali wa maili chache, ukieleza jambo lililotokea umbali wa maelfu ya maili.

3. Suala la istilahi: wakala, mshenga au bawabu

Juhudi za kuitafsiri kompyuta kwa Kiswahili si za leo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi katika Kiswahili, na tangu hapo makampuni makubwa yamezitafsiri programu zao. Katika tafsiri hizo seva inayosimama kati ya mtu na tovuti imepewa majina mbalimbali. Baadhi ya watu hutumia neno lililotoholewa, "proksi". Wengine hutumia "seva mbadala". Wengine "seva wakala".

"Seva mbadala" ina kasoro iliyo wazi. Kitu mbadala ni kile kinachochukua nafasi ya kingine kisipokuwapo. Seva inayozungumzwa haichukui nafasi ya nyingine; inafanya kazi pamoja nayo, na isipokuwapo ile ya ndani, hii ya mbele haina la kujibu. "Seva wakala" inakaribia zaidi, kwa kuwa wakala husema kwa niaba ya mtu. Lakini neno hilo halionyeshi ni niaba ya nani, na hilo ndilo linalotofautisha aina mbili za seva hizi. Aina ya kwanza humwakilisha anayeomba: shule au ofisi huiweka ili maombi yote ya watu wake yatoke kwa anwani moja. Aina ya pili humwakilisha anayeombwa. Kiingereza huitofautisha aina ya pili kwa kuongeza kivumishi chenye maana ya "iliyogeuzwa", bila kusema kilichogeuzwa ni nini.

Jamii ya Waswahili imekwisha kuzitenga nafasi hizo mbili. Katika mambo ya posa, mshenga hutumwa na upande wa mwanamume. Akifika kwa wazazi wa msichana husema maneno ya aliyemtuma, na akikosea lawama humrudia mtumaji. Huyo ni wakala wa anayeomba. Kwa upande wa pili, nyumba kubwa au afisi huwa na bawabu, neno lililotokana na Kiarabu, lenye asili moja na neno la lugha hiyo lenye maana ya mlango. Bawabu hakutumwa na mgeni. Ni wa nyumba. Huipokelea nyumba, huijibia nyumba, na huizuilia nyumba wasiotakiwa. Mtu hahitaji kuelezwa kwamba mmoja ni kinyume cha mwingine. Anajua kila mmoja amesimama upande upi wa mlango.

Hapa huzuka swali la upatanisho wa kisarufi. Bawabu ni mtu. Nomino yake, ijapokuwa wingi wake ni mabawabu, huchukua upatanisho wa viumbe: bawabu amejibu, mabawabu wamejibu. Je, yafaa mashine ipewe upatanisho wa watu? Upo uwezekano wa kuunda neno jipya kwa kiambishi ki-, kama ilivyo katika "kivinjari", lakini "kibawabu" litasikika kama dharau au udogo. Njia iliyo nyepesi ni ile ya kuweka nomino mbili pamoja, ya pili ikiifafanua ya kwanza, kama katika "askari kanzu" na "bata mzinga". Kwa njia hiyo hupatikana "seva bawabu", ambapo neno "seva" ndilo linalotawala upatanisho: seva bawabu imejibu, seva bawabu zimejibu. Katika maelezo marefu, msemaji anapokwisha kulitaja jina kamili, si kosa kusema "bawabu" peke yake na kulipa upatanisho wa viumbe, kwa kuwa hapo anatumia sitiari inayojulikana. Makala haya yanafuata utaratibu huo.

4. Nambari tatu na njeo zake

Itifaki ya HTTP, ambayo kwayo vivinjari na seva huzungumza, huzipa hitilafu nambari. Zile zinazoanza na 5 huhusu upande wa seva. Kati ya hizo, nambari 502 na 503 zimo katika waraka wa itifaki wa mwaka 1996, na 504 iliongezwa katika toleo lililofuata la mwaka 1997. Hizo tatu ndizo zinazoonekana zaidi programu inapokuwa nyuma ya seva bawabu, na kila moja hutangaza tukio tofauti.

4.1 Nambari 502. Maneno yake ya Kiingereza ni "Bad Gateway". Mfasiri anayefuata neno kwa neno huandika "Lango baya" au "Lango bovu". Msomaji wa Kiswahili ataelewa kwamba lango ndilo lenye ubovu. Maana ya nambari hiyo katika waraka wa itifaki ni nyingine kabisa: seva iliyo langoni iliuliza ndani, ikapata jibu lisilofaa. Katika matumizi ya kawaida, sababu kubwa ni kwamba programu ya ndani imesimama kabisa, hivyo bawabu alibisha mlango wa chumba akakuta hakuna aliyemo. Lango lenyewe ni zima. Lau lingekuwa bovu, taarifa isingetoka. Kiingereza kimekibandika kivumishi kwenye nomino isiyo na kosa.

Kiswahili hakilazimiki kurudia kosa hilo, kwa sababu kina kauli ya kutendwa inayomweka bawabu mahali pa mtendwa: "Seva bawabu imejibiwa isivyo." Kitenzi "jibiwa" kinatosha kuonyesha kwamba kuna mwingine aliyepaswa kujibu, na kwamba kosa liko kwake. Pale ambapo inajulikana kwamba programu haikufungua kabisa, husemwa: "Seva bawabu haikufunguliwa ndani." Katika sentensi hizo mbili fupi, asiyejua lolote juu ya kompyuta hupata picha sahihi: mlangoni yupo mtu, ndani kuna tatizo.

4.2 Nambari 503. Hii husema kwamba huduma haipatikani kwa sasa, ama kwa kuwa maombi yamezidi uwezo, ama kwa kuwa matengenezo yanafanywa. Itifaki huruhusu jibu hilo liandamane na muda ambao baada yake mtu anaweza kujaribu tena. Ni sawa na mgeni aliyepiga hodi akaambiwa, "Ngoja kidogo." Hapa tafsiri ya "Huduma haipatikani" ina upungufu mdogo: njeo ya hali isiyo na kikomo humfanya msomaji adhani huduma hiyo haiko kabisa. "Huduma imesita kwa sasa" inabeba maana ya kusimama kunakotarajiwa kwisha.

4.3 Nambari 504. Hii ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, na ndiyo inayotafsiriwa vibaya zaidi. Bawabu amelipeleka ombi ndani, akangoja kwa muda aliopangiwa, jibu lisije. Katika nginx muda huo ni sekunde 60 mpangaji asipoubadilisha. Ukipita, bawabu humwambia mgeni kwamba ameacha kungoja. Tafsiri ya kawaida ni "Ombi limeshindikana" au "Muda umekwisha".

Kauli "limeshindikana" ina kiambishi -me-, kinachotangaza hali iliyokamilika. Humhakikishia msomaji kwamba alichokiomba hakikufanyika. Lakini bawabu hana uhakika huo. Anajua jambo moja tu: mpaka alipoacha kungoja, jibu lilikuwa bado. Inawezekana programu ya ndani ilikuwa ikiendelea na kazi, ikaikamilisha sekunde ya 61, ikaandika malipo katika daftari lake, na jibu lake likakosa wa kulipokea. Mteja aliyeambiwa "limeshindikana" atabonyeza tena, na atalipa mara ya pili kwa jambo moja.

Kiswahili kina kiambishi kinacholingana barabara na ujuzi huo wa bawabu, nacho ni -ja- ya ukanushi. Linganisha:

(a) Jibu halifiki.
(b) Jibu halikufika.
(c) Jibu halijafika.

Sentensi (a) inaeleza hali ya kawaida. (B) inalifunga tukio katika wakati uliopita na kulikana. (C) inalikana mpaka wakati wa kusema, bila kuufunga uwezekano wake. Taarifa ya 504 ni ya namna ya (c). Ikitakiwa kuelezwa kutoka wakati wa kuacha kungoja, njeo ambatani hutumika: "Seva bawabu imeacha kungoja, jibu lilikuwa halijafika." Kisha huongezwa onyo ambalo sarufi imekwisha kulitayarisha: "Kabla ya kuomba tena, hakikisha kwamba ombi la kwanza halikutimizwa." Kimya cha ndani si kukataa kwa mwenye nyumba.

Kwa desturi ya pwani, mgeni hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa huenda zake bila kinyongo na bila kudai kwamba amefukuzwa. Desturi hiyo hutofautisha kutoitikiwa na kukataliwa. Tafsiri nzuri ya 504 haina budi kuitunza tofauti hiyohiyo.

5. Utaratibu wa kutafuta hitilafu

Fundi anayeitwa kutengeneza programu iliyo nyuma ya seva bawabu hukabili maswali yaleyale ambayo mpelelezi wa kauli ya kuambiwa huyakabili: nani kasema, kaambiwa na nani, na maneno yalibadilika wapi njiani. Hatua zifuatazo ndizo zinazofuatwa.

5.1 Kumtambua msemaji. Ukurasa wa hitilafu una sura ya aliyeuandika. Nginx huandika jina lake chini ya ukurasa. Cloudflare ina ukurasa wake, na pia nambari zake za ziada, kama 521 pale seva ya ndani inapokataa kuunganishwa na 522 pale inaponyamaza wakati wa kuunganishwa. Ukurasa ukiwa na sura na rangi za programu yenyewe, basi ombi lilifika ndani, na hitilafu itafutwe humo.

5.2 Kupitia uani. Fundi huingia katika kompyuta yenyewe, akaiuliza programu moja kwa moja kwa namba yake ya ndani, bila kumpitia bawabu. Ikijibu vizuri, tatizo liko kwenye mlango au kati ya mlango na chumba: pengine bawabu ameambiwa abishe chumba namba 8080 hali mpangaji amehamia 8081. Isipojibu, hakuna haja ya kumlaumu bawabu. Hatua hii moja hufupisha kazi kuliko nyingine zote.

5.3 Kulinganisha madaftari mawili. Bawabu ana daftari lake la maombi, na programu ina lake. Ombi lililomo katika daftari la bawabu na lisilokuwamo katika lile la programu liliishia mlangoni. Mfano ulio maarufu ni wa ukubwa wa faili. Nginx isipoagizwa vingine hukataa ombi lenye mwili unaozidi megabaiti 1, ikajibu kwa nambari 413. Mwombaji hupiga picha cheti chake kwa simu, picha ikawa na megabaiti 3, programu imeandika wazi kwamba hukubali mpaka 5, naye anakataliwa. Mwenye programu hulitazama daftari lake asione kitu, akasema mwombaji hakutuma. Wote wawili wanasema kweli.

Katika kulinganisha madaftari, saa huleta mkanganyo wa pekee kwa Waswahili. Daftari la seva aghalabu huandikwa kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Juu ya hayo, mteja wa Majengo huhesabu saa kuanzia alfajiri na magharibi. Akisema, "Ilikatika saa nane na dakika ishirini mchana," fundi hana budi kuandika 14:20, kisha kutafuta 11:20 katika daftari. Asiyezifanya hesabu hizo mbili atalisoma daftari sahihi mahali pasipo.

5.4 Kuchunguza maneno yaliyofikishwa. Bawabu mwaminifu hapeleki ombi tu. Huambatanisha habari tatu: mgeni ametoka wapi, ametaja jina gani, na amekuja kwa njia gani. Kila moja ikisahauliwa huzaa hitilafu yake.

Bawabu asipotaja mgeni alikotoka, programu huona kwamba watu wote wanatoka kwenye anwani moja, yaani ya bawabu mwenyewe. Programu iliyowekewa sharti la kumfungia mtu aliyekosea neno la siri mara tano itamfungia bawabu, na mji mzima utakuwa umefungiwa kwa kosa la mmoja. Ili kuepuka hayo, bawabu huandika anwani ya mgeni katika kichwa cha ujumbe kiitwacho X-Forwarded-For, kilichoanza kama desturi ya mafundi. Mwaka 2014 ulitolewa utaratibu rasmi wenye shabaha hiyohiyo. Lakini mgeni mwenyewe naye anaweza kukiandika kichwa hicho kwa uongo. Kwa hiyo programu iliyotengenezwa vizuri hukiamini kinapotoka mkononi mwa bawabu wake tu. Si kila asemaye "fulani kanituma" ametumwa.

Bawabu asipotaja jina lililoombwa, programu haitajua ni mpangaji gani anayetakiwa, na itajibu kwa jina la ndani lisilojulikana nje. Mteja atajikuta ameelekezwa kwenye anwani isiyofunguka.

Bawabu asipotaja njia, huzuka mzunguko usiokwisha. Ombi hufika mlangoni kwa njia ya siri, mithili ya barua iliyotiwa lakiri. Bawabu huivunja lakiri na kuipeleka ndani ikiwa wazi. Programu, iliyoamriwa isipokee barua iliyo wazi, humjibu mgeni: "Rudi, ulete iliyotiwa lakiri." Mgeni hurudi na barua iliyotiwa lakiri kama mara ya kwanza, bawabu huivunja tena. Baada ya mizunguko kadhaa kivinjari huchoka na kutangaza kwamba kimeelekezwa mara nyingi kupita kiasi. Hakuna aliyevunja amri katika mkasa huo. Lililokosekana ni sentensi moja ya bawabu: "Hii ililetwa imefungwa, mimi ndimi niliyeifungua."

6. Mifano mitatu kutoka kumbukumbu za umma

Matukio matatu yaliyowagusa watumiaji wa Kenya yanaonyesha kwa nini neno moja, "mtandao", halitoshi.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika mbele ya pwani ya Afrika Kusini, na mawasiliano ya intaneti yakadorora Kenya, Tanzania na nchi jirani. Hapo kauli "mtandao una shida" ilikuwa sahihi: njia ndiyo iliyokatika, si mlango wala nyumba.

Mwishoni mwa Julai 2023 jukwaa la eCitizen, lenye maelfu ya huduma za Serikali ya Kenya, lilizidiwa na maombi ya uongo yaliyotumwa kwa wingi ili kulisonga. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Waziri wa Habari wa wakati huo, Eliud Owalo, alieleza kwamba mfumo ulisongwa na kwamba hakuna data iliyopotea. Wananchi wengi walisikia kwamba eCitizen "imevamiwa", neno linaloweza kumaanisha kwamba wezi wameingia ndani. Tofauti kati ya mlango uliosongwa na nyumba iliyovunjwa ni kubwa kwa mtu ambaye namba ya kitambulisho chake imo humo. Vitenzi viwili vya kawaida, "songwa" na "vunjwa", vingemtosheleza kwa habari aliyoihitaji.

Tarehe 18 Novemba 2025, kuanzia saa nane na dakika ishirini mchana kwa saa za Afrika Mashariki, bawabu mwenyewe alianguka. Mabadiliko katika idhini za hifadhidata moja ya Cloudflare yaliifanya faili inayotumiwa kuzitambua programu zinazojifanya watu iongezeke ukubwa mara mbili, ikapita kiwango kilichowekwa, na programu ya mlangoni ikashindwa kuisoma. Tovuti nyingi za dunia, zikiwamo X na ChatGPT, zilionyesha kurasa za hitilafu. Mafundi wa kampuni hiyo wenyewe walidhani mwanzoni kwamba wanashambuliwa kutoka nje, kabla ya kutambua kwamba chanzo kilikuwa ndani ya kazi yao. Sehemu kubwa ya huduma ilirudi kufikia saa kumi na moja na nusu jioni. Katika muda huo, wenye tovuti wengi walikuwa na programu zilizo nzima kabisa ambazo hakuna aliyeweza kuzifikia.

Kwa mteja aliyeketi saiba, matukio yote matatu yalikuwa na sura moja: kazi haikuendelea. Lakini la kufanya halikuwa moja. Katika la kwanza angeweza kujaribu kampuni nyingine ya simu, ambayo huenda inatumia waya mwingine. Katika la pili hapakuwa na faida ya kubadilisha simu, wala haja ya kuhofia kwamba taarifa zake zimechukuliwa. Katika la tatu hapakuwa na la kufanya ila kungoja, wala sababu ya kumlaumu mwenye tovuti.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba seva bawabu huleta tatizo la kiufundi ambalo kwa asili yake ni tatizo la kauli ya kuambiwa. Anayeleta habari si aliyeitenda, na taarifa isiyowatenganisha wawili hao humlaumu aliye karibu. Kiingereza cha nambari 502 humlaumu bawabu. Kiswahili cha saiba huulaumu mtandao. Kote kuwili mwenye kosa hubaki salama chumbani mwake.

Mapendekezo yanayotokana na uchunguzi huu ni matatu. Kwanza, neno "seva bawabu" litumike kwa seva inayowakilisha upande wa anayeombwa, na "seva wakala" libaki kwa ile inayowakilisha upande wa anayeomba. Pili, taarifa za hitilafu zitungwe kwa vitenzi vilivyonyambuliwa, hasa kauli ya kutendwa, badala ya nomino zenye vivumishi: "Seva bawabu imejibiwa isivyo" badala ya "Lango baya". Tatu, kiambishi -ja- kitumike kila ambapo matokeo hayajajulikana, na -me- isitumike kutangaza kushindwa ambako hakuna aliyekuthibitisha.

Kamati za istilahi zina kawaida ya kupokea orodha za maneno na kuyatafutia mengine. Kwa jambo hili orodha haitoshi, kwa kuwa kinachohitaji kutafsiriwa ni sentensi, nazo zatakiwa kujaribiwa mbele ya wale watakaozisoma. Mhudumu wa saiba akiweza kuutazama ukurasa mweupe na kumwambia mteja wake, "Tumefika mlangoni, mama, lakini ndani hawajajibu, tutazame kwanza kama pesa zimekatwa," hapo istilahi itakuwa imefanya kazi yake.